Saa ya baba mdogo inafanana na ya tajiri, sasa nani kamkopi nani?

Ugomvi ulianzia kwenye kahawa, Ujiji, mida ya saa kumi na mbili jioni hivi, wazee wako kwenye bao na sisi vijana (kijana wa miaka arobaini na mbili, msinicheke) tumekaa pembeni tunachezea simu. Baba mdogo alikuwa kavaa saa yake ya siku zote, ile ambayo mimi nimeiona mkononi mwake tangu sijaanza shule. Kuna dogo mmoja pale anapenda sana mambo ya saa, akawa anatuonyesha picha ya Longines ya zamani inayouzwa huko Ulaya kwa hela ambayo ukiwa nayo Kigoma unanunua boti na injini na chenji inabaki. Dogo akaangalia picha, akaangalia mkono wa baba mdogo, akarudi kwenye picha. Halafu akatamka tu: "Baba, hii yako ni kopi."

Kimya. Hata kete zikasimama.

Baba mdogo akanywa kahawa yake taratibu, akaweka kikombe chini. "Kopi ya nini? Hii nimenunua 1974, kwa mtu katoka nayo Bujumbura. Mwaka huo baba yako alikuwa hajui hata kufunga vifungo vya shati."

Watu wakacheka, bao likaendelea, lakini mimi nilimwona mzee roho imemuuma kidogo. Maana kweli zilikuwa zinafanana. Siyo kufanana kwa mbali, zinafanana kama mapacha! Uso mweusi, mishale minene, vitufe viwili upande wa kulia, kimoja usawa wa mbili na kingine usawa wa nne, na ile pete ya dakika ambayo haiko nje kama saa nyingine za majini, iko ndani chini ya kioo. Tofauti ni jina tu. Ya kwenye simu Longines, ya mzee imeandikwa Enicar. Na ukweli usemwe, Enicar nani anaijua siku hizi? Nilikuja kusoma baadaye kwamba jina lenyewe ni Racine limeandikwa kinyumenyume, Racine ndiyo ukoo wa mwenye kampuni. Ukilisikia mara ya kwanza unadhani kweli ni la kubuni pale Kariakoo.

Kesho yake nikamwomba saa nikaipeleke kwa fundi wa saa kule Mwanga. Alinipa kwa masharti, mkono kwa mkono irudi jioni hiyohiyo.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba mwanangu. Betri?"

Kila saa siku hizi ni betri. Nikamwambia hapana mzee, hii haina betri, hii inajijaza yenyewe mkono ukitikisika. Akaipokea kwa heshima tofauti kabisa, akaweka kioo chake jichoni, akaifungua mgongo. Halafu akanigeuzia ule mfuniko nione kwa ndani. Kuna alama ndogo imegongwa kwenye chuma, kofia ya mzamiaji, zile kofia kubwa za shaba za zamani zenye kidirisha usoni. Fundi akasema, "Hii kofia siyo mara ya kwanza kuiona, na siyo kwenye jina hili. Nimeikuta kwenye saa zenye majina mengine mbalimbali." Akasema hivyo kwa kawaida tu huku anatafuta brashi yake, yeye kwake siyo habari.

Kwangu ilikuwa habari. Nililala saa nane usiku siku hiyo nasoma, bando lote likaishia hapo, na wiki tatu sasa sijatoka kwenye hiyo shughuli.

Ile kofia ni alama ya kiwanda kinaitwa Ervin Piquerez S.A., watu wa saa wanakifupisha EPSA, kilikuwa Bassecourt huko Jura, Uswisi. Hawa hawakuwa wanauza saa. Walikuwa wanatengeneza bodi tu, yaani lile ganda la chuma na mgongo wake na vitufe, halafu wanawauzia kampuni za saa. Kampuni inakuja na mashine yake na uso wake wenye jina lake, inafunga mle ndani, inaenda sokoni. Kwa hiyo bodi ileile ya EPSA, ile waliyoiita Super Compressor, utaikuta kwa Longines, utaikuta kwa IWC kwenye Aquatimer ya kwanza ya 1967, kwa Jaeger-LeCoultre, kwa Universal Genève, Hamilton, Benrus, Bulova, na ndiyo hiyohiyo kwa Enicar ya baba mdogo. Ndugu wa tumbo moja, wamepewa majina tofauti tu na kupelekwa shule tofauti, mmoja international school na mwingine shule ya kata.

Na hiyo bodi haikuwa bodi ya mchezo. Saa ya kawaida ya majini unaikaza mgongo kwa nguvu mpaka raba ya ndani inabanwa barabara, na raba ikibanwa hivyo miaka na miaka inachoka, inakuwa kama chapati ya juzi. Piquerez alifikiria kinyume. Mgongo wake una springi, ukiwa nchi kavu raba inabanwa kidogo tu, inapumzika. Ukizama ndiyo maji yenyewe yanausukuma mgongo ukandamize raba, na kadiri unavyoenda chini ndivyo yanavyozidi kuubana. Yaani maji yanayotaka kuingia ndiyo yanayofunga mlango! Mimi niliposoma hapo nilicheka peke yangu kama chizi, wife akauliza vipi, nikamwambia springi.

Vile vitufe viwili navyo vina sababu. Cha chini ni cha kujaza na kuweka saa, cha juu kinazungusha ile pete ya ndani ya kuhesabia dakika. Wakaificha chini ya kioo ili isiguswe na kitu ikahama bahati mbaya ukiwa chini ya maji, maana ikihama umekosea hesabu ya hewa yako. Na vitufe vyenyewe vina michoro ya kukatizana, ukiviangalia karibu ni kama ukili wa mkeka, vidole vyenye maji visiteleze. Michoro hiyo ukiiona kwenye saa yoyote ya kipindi kile yenye vitufe viwili, kabla hata hujafungua mgongo, hisi EPSA.

Nikamrudishia mzee saa yake na hiyo habari. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja. "Kwa hiyo Longines ndiyo kopi ya yangu?" Nikamwambia hapana baba, wote mmenunua sehemu moja. Akasema ahaa, na jioni ile kwenye kahawa nikamsikia anawaambia wenzake Longines ndiyo kopi ya yake. Sikumsahihisha.

Nadhani kinachotuchanganya sisi ni kwamba tumelelewa na neno feki. Sisi kitu kikifanana na kingine akili inaenda moja kwa moja kwenye wizi, kwa sababu tumeuziwa simu feki, viatu feki, mpaka betri feki. Lakini wakati huohuo ukisimama pale Katonga asubuhi boti zinarudi na dagaa, hebu niambie mtumbwi upi umemkopi mwenzake? Zote pua ileile, mbao zilezile zimepangwa vilevile, kwa sababu ziwa ni hilohilo na mawimbi ni hayohayo na mafundi wamefundishana. Hakuna mtu anasema fundi wa Kibirizi kamwibia wa Katonga. Na tuna meli yetu ya Liemba bandarini hapo, imetengenezwa Papenburg Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande kwenye maboksi ikaungwa Kigoma, ikaitwa Graf von Goetzen, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916 baada ya kupaka injini grisi isioze, Waingereza wakaiopoa 1924 na 1927 ikarudi kazini inaitwa Liemba. Bodi moja, majina mawili, na kuna mtu anaiita feki? (Zile grisi ndizo zilizonifurahisha zaidi safari hii, wale mainjinia nao walikuwa wanafanya kazi ya raba ya saa, kuzuia maji yasile mashine.)

Sasa ngoja niende nyuma kidogo, maana saa za EPSA ni kesi rahisi, pale bodi ni moja kweli. Kesi ngumu ni zile zinazofanana na hazikutoka kiwanda kimoja. 1953 hiyo, mwaka mmoja, Blancpain wanatoa Fifty Fathoms, Zodiac wanatoa Sea Wolf, na Rolex wanaanza kutengeneza Submariner wakaionyesha kwenye maonyesho ya saa ya Basel, Uswisi, 1954. Tatu hizo ukizipanga mezani kwa mbali, mtu asiyejua atakwambia ni kampuni moja. Uso mweusi, namba au alama kubwa zinazowaka gizani, pete ya nje inayozunguka yenye dakika. Watu mtandaoni wanatoana roho mpaka leo nani alikuwa wa kwanza, kila mmoja na mwezi wake na karatasi yake, mimi huo ugomvi nimeuacha kwa sababu naona hawaulizi swali lenyewe. Swali ni hivi, kama wewe unapewa kazi ya kutengeneza saa ya mtu anayeenda chini ya maji meusi, ana mtungi wa hewa wa dakika kadhaa, haoni vizuri, mikono imekufa ganzi kwa baridi, utatengeneza nini kingine?

Fikiria uso mweupe kule chini na mishale ya dhahabu myembamba kama ya saa ya harusi. Utakufa. Lazima uso uwe mweusi ili alama zinazowaka zionekane. Lazima mshale wa dakika uwe mkubwa kwa sababu mzamiaji hana habari na saa, ana habari na dakika. Lazima mishale miwili isifanane, ukichanganya wa saa na wa dakika umekwisha, ndiyo maana Rolex wakaweka kale kaduara kenye mistari mitatu kwenye mshale wa saa, watu wakakabatiza Mercedes kwa sababu kanafanana na nyota ya gari, na baadaye Tudor 1969 wakaweka kitu cha pembe nne ambacho watu wanakiita theluji. Lazima juu kwenye kumi na mbili kuwe na pembetatu au alama tofauti, ujue juu ni wapi hata umepinduka. Na lazima pete iwepo, unaweka pembetatu yake kwenye mshale wa dakika unapozama, basi, muda uliokaa chini unausoma moja kwa moja bila hesabu. Ukishaweka hizo lazima zote, imebaki nafasi ndogo sana ya kujidai mbunifu.

Nilimweleza baba mdogo jina la Fifty Fathoms na hapo ndipo nilipojifunza kitu kwake. Nilianza kumtafsiria kwa mita, mita 91 hivi, akanikatiza. "Fathom si ndiyo pima?" Kumbe! Pima hamsini. Mimi niliyesoma nimehangaika na kikokotoo, yeye aliyevua miaka thelathini kanyoosha mikono miwili akanionyesha, hii moja, hizo hamsini. Akasema pima hamsini ni mbali, kule siyo kwa kwenda mtu. Nikafikiria na hizi Super Compressor zilizokuwa zinaandikwa mita 200, na ziwa letu la Tanganyika lina kina cha mita 1,470 lakini ukishapita kama mia mbili hivi maji hayana oksijeni, samaki hawapo. Kwa hiyo saa ya mzee inaishia pale pale samaki wanapoishia. Haina umuhimu wowote hiyo, nimeipenda tu.

Fifty Fathoms yenyewe ina kisa cha majina ambacho kingemfurahisha dogo wa kahawa. Ilitokana na mahitaji ya wazamiaji wa jeshi la Ufaransa, akina Kapteni Robert Maloubier na Claude Riffaud, waliandika wanataka saa ya namna gani, na mkuu wa Blancpain wakati huo, Jean-Jacques Fiechter, alikuwa mwenyewe mpiga mbizi na alikuwa ameshaanza kuitengeneza. Kule Ufaransa saa hiyo ikauzwa na LIP, kampuni ya saa ya hukohuko, unakuta uso una jina la Blancpain na LIP pamoja. Jeshi la majini la Marekani nalo likaitaka, lakini sheria yao ilikuwa inapendelea kununua vitu vya Kimarekani, basi mwagizaji wao wa huko akaiwekea jina Tornek-Rayville, mambo yakaenda. Saa ni ileile! Leo hizo Tornek-Rayville zilizobaki chache mnada wake sitaki hata kuutaja, halafu mtu akiiona Ujiji angesema Blancpain feki.

Na Tudor na Rolex ni baba mmoja, Hans Wilsdorf, hapo hata siyo siri. Tudor Submariner ya 1954 ilivaa bodi ya Rolex, kitufe chenye nembo ya Rolex, mgongo umeandikwa bodi ni ya Rolex, ndani tu ndiyo waliweka mashine ya bei nafuu kutoka kwa wengine. Ni kama mama anayeshona nguo za watoto wawili kwenye jora moja, mkubwa kawekewa bitana mdogo hakuwekewa.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni kwamba tofauti nyingi kati ya saa hizi zimeletwa na wanasheria. Rolex walikuwa na hakimiliki ya kile kitufe cha kuskrubu, kinachojifunga kama kifuniko cha chupa. Wengine hawakuruhusiwa. Ndiyo maana Blancpain wakaweka kitufe chenye raba mbili na pete yenye kujifunga isizunguke ovyo, wakachukua hakimiliki yao na wao. Piquerez naye alikuwa na springi zake. Kila mmoja alizunguka ukuta wa mwenzake akatokea mlango wake. Kufanana kulitoka kwenye maji, kutofautiana kulitoka kwenye makaratasi! Na hakimiliki zilipoisha muda wake, angalia, wengi wakahamia kwenye kitufe cha kuskrubu na pete inayozunguka upande mmoja tu, kwa sababu ikisukumwa kwa bahati mbaya itakuonyesha umekaa chini muda mrefu kuliko ukweli, utapanda mapema, hufi.

Sasa nisionekane nawatetea wote, kopi zilikuwepo. Miaka ya 1960 na 1970 kulikuwa na saa nyingi mno za bei ya chini za Uswisi na Ufaransa, bodi ndogo ya milimita 36 au 37, masikio ya kufungia mkanda yamenyooka, pete nyeusi, mashine za A. Schild au za wengine, na majina ya ajabuajabu ambayo yameshasahaulika. Nyingi ni bodi za katalogi tu, unachagua namba fulani unaletewa. Na mwishoni mwa miaka ya 1970 Heuer ilipotaka saa ya majini haikutengeneza, ikaenda kwa Monnin wa Ufaransa wakaitolea ile modeli 844, na ukiiangalia, mishale ya Mercedes, uso, pete, pale hata mimi siwezi kuleta habari za maji yanaamua. Pale waliangalia Submariner. Ila wakaweka namba nyekundu za saa ishirini na nne kwa ndani, na saa ikauzwa vizuri kwenye kipindi ambacho kampuni za Uswisi zilikuwa zinakufa kwa sababu ya saa za betri. Ni kopi, lakini ni kopi niliyoisamehe.

Waliojitenga kweli kwa maoni yangu ni Warusi na Wajapani. Vostok Amphibia ya 1967, mainjinia Mikhail Novikov na Vera Belova, walikuwa hawana mashine za kuchonga vyuma kwa umakini wa Waswisi na hakimiliki za watu hawakuzitaka, wakatengeneza kioo kinene cha plastiki ambacho kikikandamizwa na maji kinapinda kidogo na kujibana zaidi kwenye bodi, na mgongo unaokaa juu ya raba pana. Umesikia hiyo? Ni wazo lilelile la Piquerez, maji yajifungie mlango, wamelifikia kwa njia nyingine kutoka Chistopol, mji wenye kiwanda chao huko Urusi. Na Seiko, hawa tunawajua, Seiko 5 imevaliwa na kila mwalimu mkuu wa mkoa huu, wao saa yao ya kwanza ya majini ni 62MAS ya 1965, mita 150, na ile ukiiona ni binamu kabisa wa zile saa za katalogi za Uswisi, masikio yamenyooka, uso wa kawaida. Miaka michache baadaye wakatoa 6105, bodi imevimba kama mto wa kulalia, kitufe kimehamia usawa wa nne. Hapo ndipo Seiko walipata sura yao, na 6309 ya 1976 ikaitembeza dunia nzima. Ukiiona Seiko ya majini kwa mbali unaijua bila kusoma jina. Kwa Waswisi wengi wa kipindi kile huwezi, lazima usogee.

Mniruhusu hapa niseme jambo la usalama maana kuna watu watasoma hii waende kufungua masanduku ya babu zao. Ile rangi inayowaka kwenye saa za miaka ya 1950 ni radiamu, hiyo ni mionzi, usiikwangue, usiipulize, usimpe mtoto achezee saa iliyo wazi. Kuanzia miaka ya 1960 wakahamia kwenye tritiamu ambayo ni afadhali, utaona herufi T imeandikwa chini ya uso karibu na neno Swiss. Tritiamu inapungua nusu kila miaka 12 na kidogo, kwa hiyo ya baba mdogo imebaki na rangi ya maziwa ya chai, usiku haiwaki hata kidogo. Na usiingie nayo majini! Hata kama imeandikwa mita mia tano. Raba ya miaka hamsini siyo raba tena. Mimi niliwahi kuogelea na saa moja ya zamani nje ya mji hapa, nilikuwa naringa nayo, nikatoka kioo kimejaa ukungu kama dirisha la basi la asubuhi, na mashine ikashika kutu ndani ya wiki. Ile naiweka mezani inikumbushe ujinga wangu.

Kilichobaki kunishangaza ni matumizi. Baba mdogo hajawahi kupiga mbizi na ile saa hata mara moja. Nilimuuliza ile pete ya ndani alikuwa anaifanyia nini miaka yote hiyo. Akaniambia usiku wa kuvua, wakishawasha karabai, alikuwa anazungusha kile kitufe cha juu anaweka pembetatu kwenye mshale, halafu wanasubiri dagaa wapande kwenye mwanga. Vijana wanakuwa na haraka, wanataka wavu unyanyuliwe, yeye anaangalia pete anasema bado. Alikuwa na dakika zake anazozijua, za mbalamwezi tofauti na za giza, hakuniambia ni ngapi, kasema hiyo siyo ya kuandika kwenye simu. Na tritiamu ilipokuwa bado nzima alikuwa anasoma saa bila kugeuka kwenye taa. Wafaransa wameipigania ile pete kwa ajili ya hewa kwenye mtungi, mzee wa Katonga kaitumia kupigia subira.

Saa iko kwa fundi tena sasa hivi. Mashine imesafishwa inatembea vizuri, lakini kitufe cha juu, hicho cha pete, uzi wake umelika na kinatoka chenyewe. Fundi kasema anaweza kuweka kitufe cha kawaida cha mviringo, mzee kakataa kabisa, anataka chenye michoro kama mkeka. Kwa hiyo mwenye saa mbovu ya vitufe viwili, jina lolote lile, hata kama uso umeoza na mashine imekufa, ifungue mgongo uangalie kama ina kofia ya mzamiaji. Kama ipo niandikie, kitaingia tu.